Vipuri vya Baiskeli za Kale: Namna ya Kuvitambua, Kuvisafisha na Kuvitunza

Ukitaka kujua baiskeli kuukuu imetoka kiwanda gani, usihangaike na rangi wala stika. Inama uitazame sproketi ya mbele, ile inayozungushwa na pedeli. Ikiwa chuma chake kimekatwa kwa umbo la vichwa vitatu vya korongo, hiyo ni Raleigh ya Nottingham, Uingereza. Korongo alikuwa nembo ya ukoo wa Frank Bowden, tajiri aliyeianzisha kampuni hiyo mwaka 1888. Ukikuta watu watano wadogo, ni Humber. Kiganja cha mkono ni Rudge. Herufi B, S na A ni za kampuni ya Birmingham iliyoanza kwa kutengeneza silaha, na ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezana. Raleigh iliwanunua wote hao: Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, na kitengo cha baiskeli cha BSA mwaka 1957. Hata hivyo iliendelea kuuza baiskeli kwa majina yale yale ya awali.

Kikazi, mapambo hayo hayana faida yoyote. Mnyororo ungevutwa vilevile na sproketi yenye mikono mitano iliyonyooka. Lakini kuna mtu kiwandani aliyeona kwamba chuma kitakachopakwa grisi na tope maisha yake yote bado kinastahili kuchorwa korongo, na ni kwa sababu ya watu kama huyo kwamba wengine leo wanakusanya vipuri hivi.

Wakusanyaji wengi wa Ulaya hukimbilia Italia, kwenye vipuri vya mashindano vya Campagnolo ya Vicenza. Ni vizuri, na bei yake inaumiza. Kwetu Afrika Mashariki baiskeli za mbio hazikuwa nyingi. Zilizojaa vijijini na mijini ni zile nyeusi, nzito, zenye breki za vyuma, ambazo Kenya huitwa Black Mamba. Ndizo zilizobeba maziwa, mkaa, mikungu ya ndizi, na abiria wa kuvuka mpaka pale Busia. Kwa hiyo mkusanyaji wa huku ana bahati: mkusanyo mzuri unaweza kuanzia kwenye stoo ya babu au kopo la fundi wa mtaani.

Jihadhari tu na kufanana. Umbo la baiskeli hii ya Kiingereza liliigwa kila mahali. Flying Pigeon ya Tianjin, China, ilianza mwaka 1950 kwa mtindo huo, ikaja Phoenix ya Shanghai, na Hero ya Ludhiana, India, nayo imeunda nyingi za aina hiyo. Mimi sizidharau, Phoenix iliyodumu miaka 40 shambani imejithibitisha. Ila usilipe bei ya Nottingham kwa kipuri cha kwingine. Safisha kidogo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, utafute maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe: jina la kampuni, mji, au neno England. Stika hubandikwa na yeyote. Chuma kilichogongwa hakidanganyi kirahisi.

Nikiambiwa nichague kipuri kimoja tu, nitachukua habu ya nyuma ya gia tatu ya Sturmey-Archer, aina ya AW. Baiskeli nyingi zilizoletwa huku zilikuwa za gia moja, hivyo ukiiona usiipite. Ilibuniwa miaka ya 1930 na mpangilio wake wa ndani ni wa kuvutia: gia ya katikati yenye meno 20 imekaa tuli kwenye ekseli, imezungukwa na gia ndogo nne, nazo zinatembea ndani ya pete yenye meno 60. Kwenye gia ya pili, gurudumu huzunguka sawasawa na sproketi yake. Kwenye ya kwanza hupungua hadi robo tatu, ukapata nguvu ya kupanda mlima. Kwenye ya tatu huongezeka kwa theluthi moja. Yote hayo yamefichwa ndani ya kopo la chuma linaloenea mkononi.

Habu hii pia hutaja umri wake. Kwenye mwili wake, karibu na jina, kumegongwa namba mbili za mwaka, na jirani yake namba ya mwezi. Ukisoma 58 na 10, imetengenezwa Oktoba 1958. Usiharakishe kusema na baiskeli ni ya mwaka huo, kwa sababu magurudumu hubadilishwa. Kifuniko cha tundu la mafuta nacho ni ushahidi: cha chuma ni cha zamani zaidi, cha plastiki kilikuja baadaye.

Ukitaka kuinunua, ijaribu ikiwa ndani ya gurudumu. Inapovutwa kwenye gia ya pili na ya tatu hutoa sauti ya tik-tik. Hiyo si hitilafu. Kwenye ya kwanza hunyamaza. Ikiteleza, mara nyingi ni waya tu uliolegea au kukaza mno. Weka kwenye gia ya pili, kisha chungulia kwenye kitundu cha nati ya kulia: bega la kijiti kilichoshikana na kile kimnyororo kidogo linatakiwa liwe sawa na ncha ya ekseli. Habu iliyokauka miaka mingi itie kijiko kidogo cha mafuta mepesi ya mashine, uiache usiku mzima, uizungushe asubuhi. Nyingi hufufuka bila kufunguliwa. Mafuta ya kula usiyaguse, yatageuka gundi. Aina ya SW, ya miaka ya 1950, ina sifa mbaya ya kuteleza hata ikiwa nzima. Iweke kwenye rafu, usiitegemee barabarani.

Dada yake ni Dynohub, dainamo iliyojengwa ndani ya habu, inayotoa umeme wa volti 6 bila kusugua tairi. Ilitengenezwa hadi mwaka 1984. Hapa nakusihi: usiitenganishe kwa udadisi. Ndani kuna pete ya sumaku, na ukiichomoa kwenye koili yake bila kuweka mara moja pete nyingine ya chuma mahali pake, sumaku inapungua nguvu na hairudi yenyewe. Dynohub nyingi zilizokufa ziliuawa na mafundi wenye nia njema.

Kwa vipuri visivyo na tarehe, angalia mng'ao. Nikeli ina weupe wenye umanjano kidogo, kromu ina ubluu na huakisi kama kioo. Kromu ilienea kwenye baiskeli kuanzia miaka ya 1930, kwa hiyo kengele au usukani wa nikeli huenda ni wa kabla ya hapo. Na ukikuta usukani au sproketi iliyopakwa rangi nyeusi tangu kiwandani, pengine ni ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, madini ya kung'arishia yalipokuwa adimu. Watu wengi huikwangua rangi hiyo wakidhani ni uchafu. Ni hasara kubwa.

Magurudumu ya Kiingereza yana jambo moja zuri la kuhesabu: spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo mkubwa hukaa nyuma. Rimu za breki za vyuma zina mviringo wa pekee, maana raba za breki huvutwa juu na kubana upande wa ndani wa rimu, si ubavuni. Usizichanganye na rimu za breki za waya.

Siti ya ngozi ya Brooks, kampuni iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1866, ndiyo kipuri kinachoharibiwa zaidi na mapenzi ya mwenye nacho. Mtu anaikuta imekauka, anaizamisha kwenye mafuta. Ngozi inalainika na kulegea kama kitambaa. Paka kiwi cha ngozi au mafuta yake maalumu, kidogo, hasa upande wa chini, na uipe siku kadhaa. Nati ya mbele inayoivuta ngozi ikaze kwa robo mzunguko tu, na si kila mwezi. Ikilowa, usiikalie, iache ikauke kivulini. Ngozi iliyopasuka kwenye ripiti haiponi, lakini springi zake na ripiti za shaba bado zina thamani.

Sasa kazi ngumu: kutoa mikono ya pedeli iliyoshikwa kwa kotapini. Tia mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla. Legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, usiitoe kabisa, ili nyundo isiharibu uzi. Simamisha kipande cha bomba kutoka sakafuni hadi chini ya mkono wa pedeli, pini ipate nafasi ya kushuka ndani ya bomba, kisha piga kwa nguvu mara moja. Vipigo vidogo vingi hupindisha pini na kuumiza gololi. Mwenye jiliwa kubwa aisukume kwa jiliwa, ndiyo njia bora. Ukinunua pini mpya, peleka ya zamani uipime: za Kiingereza ni milimita 9.5, nyingine nyingi ni 9. Na kumbuka pedeli ya kushoto hufunguka kinyume. Raleigh nayo ilikuwa na uzi wake kwenye ekseli ya kati na uma wa mbele, nyuzi 26 kwa inchi badala ya 24 za wengine, kwa hiyo bakuli la gololi likikataa kuingia, usililazimishe. Si lake.

Katika kusafisha, anza na kilicho laini zaidi. Kutu ya juujuu kwenye kromu hutoka kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji. Alumini ni laini kuliko kromu, haiachi mikwaruzo. Nikeli ni dhaifu: kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba vinatosha, stili wuli iache jikoni. Chuma kitupu kilicholiwa na kutu kiloweke saa chache kwenye maji ya ndimu, kisuuze, kikaushe juani, ukipake mafuta papo hapo. Rangi ya zamani usiisugue kwa msasa mkavu, kwani huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Wakazi wa Zanzibar, Mombasa na Tanga wana adui wa ziada, upepo wa chumvi. Paka tabaka jembamba la vaselini, weka vipuri juu ya rafu ya mbao, na usivifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Jasho la ndani huleta kutu, na ngozi huota ukungu. Funga kila kipuri kikaratasi chenye penseli: kimetoka baiskeli gani, mji gani, kwa nani. Baada ya miaka kumi hutakumbuka.

Mahali pa kutafuta ni kwa fundi na kwa muuza vyuma chakavu. Huyu wa pili huuza kwa kilo, na kwake sproketi ya korongo ni uzito tu unaosubiri kuyeyushwa, kwa hiyo ukiwa na wasaa mpitie mara kwa mara. Uliza kipuri kimetoka wapi. Taa na kengele huibwa. Lakini ukikuta baiskeli nzima, yenye kava la mnyororo, madigadi na breki zake zote, usiivunje ili upate habu. Inunue ilivyo au umwachie mwenyewe aendelee kuipanda. Vipuri vilivyotawanyika vitapatikana tena, baiskeli kamili ya aina hiyo inazidi kuadimika.