Akaunti Moja ya eCitizen, kwa Simu na kwa Kompyuta

Mkazi wa Kalimoni anaweza kuanza ombi la cheti cha mwenendo mwema kwenye saiba mjini Juja, alipie kwa kabambe akiwa nyumbani, kisha afuatilie kwa simu ya intaneti. Ombi ni lile lile. Limehifadhiwa kwenye seva za eCitizen. Tovuti na programu ya Gava Mkononi, iliyozinduliwa mwaka 2023, ni milango miwili ya nyumba moja.

Malipo ya M-Pesa hupitia Paybill 222222, na nambari ya akaunti ni ile iliyo kwenye ankara. Hiyo ndiyo huijulisha seva ombi lililolipiwa. Tarakimu moja ikikosewa, pesa zaweza kutoka na ombi libaki halijalipiwa. Uthibitisho ukichelewa, mwombaji asilipe tena; afungue ukurasa upya kwanza.

Kufunga dirisha la kompyuta si kutoka kwenye akaunti. Anayeketi baadaye saibani anaweza kukuta maombi na nambari ya kitambulisho cha mwenzake.

Alama za vidole, hata hivyo, hazichukuliwi kwa simu. Fomu C24 huchapishwa, na mwombaji huenda nayo mwenyewe Huduma Centre, kama ile ya Thika.