Dondoo Muhimu: Maneno ya Kiingereza ya Kulimbikiza

Karani wa chama cha wachimbaji wadogo wa Chunya, katika machimbo ya Lupa ambayo dhahabu yake imechimbwa tangu miaka ya 1920, apaswapo kuandika taarifa kwa Kiingereza, na azingatie kwamba maneno ya kukusanya katika lugha hiyo, yajapofanana kwa dhahiri, hayatumiki kiholela.

• “Gather” ni jepesi kuliko yote: huwafaa watu waliokutanika mkutanoni, kuni zilizookotwa, na hata habari zilizopatikana huku na huku.

• “Accumulate” hubeba maana ya kuzidi kidogo kidogo kwa kitambo; kwa neno hili mchimbaji huilimbikiza dhahabu yake, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, hujilimbikiza yenyewe kando ya kijito.

• “Accrue” aghalabu ni neno la hesabu: riba, deni au faida ndiyo isemwayo kuwa imeongezeka kwa kupita siku, wala si ada kulitumia kwa vumbi au mawe.

• “Amass” lataka kusudi na wingi. Gramu chache hazilistahili.

• “Hoard” lina lawama ndani yake, kwani lamdhania mtu kuwa ameficha akiba kwa uchoyo.

Basi, kabla hujaandika, tafakari ni nani au ni nini kikusanyacho, na kwa muda gani. Ukiingiwa na shaka, chagua “accumulate”. Ila kwa mkutano wa watu usilitumie abadani.