Kanisa Dogo na Kalenda ya Ziwa

Kanisa la watu thelathini huko Mbita au Karungu likiona viti vitupu, wazo la kwanza huwa krusedi na spika kubwa zaidi. Wazee wa kanisa, hizo spika ziacheni kwanza. Chukueni kalenda mwandike humo mambo yanayowashughulisha majirani zenu: mwezi, siku za soko, matanga, msimu wa samaki.

Anzeni na mwezi. Omena, dagaa wa Ziwa Viktoria, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hulala ufuoni. Mkiweka kesha usiku wa giza mtapata kina mama na watoto, wavuvi wako ziwani. Asubuhi yake, hata ikiwa Jumapili, kina mama wenyewe wako ufuoni wananunua omena kwa karai na kuzianika juu ya nyavu kuukuu, jicho moja kwenye mawingu. Mvua ikizikuta hazijakauka, mzigo uliokuwa wa kuuzwa sokoni unaishia kuwa chakula cha kuku. Mama huyo hatafika ibada ya saa tatu hata mkimwombea vipi. Wiki hizo anzeni saa tano, au mfuateni na ushirika wa nyumbani Jumatano jioni.

Halafu kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Msitangaze harambee ya mabati miezi hiyo. Watu watajificha kwa aibu ya mfuko mtupu. Awendo kwenye miwa, au Macalder kwenye mashimo ya dhahabu, fedha huja kwa ratiba nyingine kabisa, basi ulizeni kwenu.

Matanga ndiyo mtihani. Mazishi mengi ni Jumamosi. Lakini Wasabato, waliofungua misheni Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906 na sasa wana ndugu karibu kila ukoo, huikwepa siku hiyo, kwa hiyo Jumapili yenu nayo huguswa. Msishindane na mazishi. Kwa Mjaluo, kanisa lisiloonekana matangani ni la wageni. Fupisheni ibada, mwende na maji na kuni, na mchungaji akipewa kipaza sauti aseme dakika tano akae. (Wengi wamewapoteza watu kwa dakika arobaini.) Kisha rudini wiki ya tatu, hema likishang'olewa na wageni wakishaondoka, mjane akiwa amebaki na deni la sufuria na viti vya kukodi.

Kuhusu pesa: watu wawili wasio wa nyumba moja wahesabu sadaka, waandike daftarini, watie saini, jumla isomwe kabla ya baraka. Simu ya mchungaji isiwe sanduku la sadaka. Tangu maafa ya Shakahola, mwaka 2023, ambako waumini walimfuata mchungaji wao hadi kufa, mzazi ana haki ya kuuliza kanisa limesajiliwa wapi na nani anamsimamia mchungaji. Muwe na jibu, na karatasi mkononi.

Mwisho, wekeni daftari la majina. Asiyeonekana Jumapili mbili atembelewe kabla ya ya tatu, na aende jirani anayeongea lugha yake, Kijaluo au, upande wa Kehancha, Kikuria. Mchungaji akitangulia, mtu hudhani ameshtakiwa.