Slovakia: Chakula cha Kweli ni cha Mchana

Mgeni anayengoja usiku ndipo atafute chakula cha Kislovakia katika mitaa ya kale ya Bratislava atalipa ghali, na huenda asile cha maana. Mlo mkubwa wa Waslovakia ni wa mchana. Siku za kazi, kuanzia saa tano hadi saa nane hivi, mikahawa huweka ubao wenye maneno "denné menu": supu, kisha sahani moja ya kushiba, kwa bei nafuu. Anayefika saa tisa asishangae kuambiwa vimekwisha.

Pa kuanzia ni bryndzové halušky, chakula cha taifa. Viazi vibichi hukunwa, vikachanganywa na unga wa ngano na chumvi hadi viwe rojo zito. Rojo hilo hukamuliwa kwenye matundu ya chujio, au hukatwakatwa kwa kisu ukingoni mwa kibao, likidondokea kwenye maji yanayochemka. Vidonge vikielea, vimeiva. Huopolewa na kuchanganywa vikiwa vya moto na bryndza, jibini laini la maziwa ya kondoo, lenye chumvi na ukali wake. Juu hunyunyiziwa vipande vya nyama ya nguruwe yenye mafuta, iliyokaushwa kwa moshi na kukaangwa, pamoja na mafuta yake. Ni chakula cha wachungaji na wakulima. Asiye na shamba la kulima jioni hiyo aombe nusu sahani.

Kiwanda cha kwanza cha bryndza kilifunguliwa na Ján Vagač mjini Detva mwaka 1787. Tangu 2008 jina "Slovenská bryndza" linalindwa na Umoja wa Ulaya, na angalau nusu ya jibini hilo lazima itokane na maziwa ya kondoo. Wajuzi husubiri ya mwezi Mei, kondoo wakiwa wanakula majani mabichi. Aitakaye kwao apande maeneo ya Liptov au Orava, kwenye migahawa ya mbao iitwayo salaš, kandokando ya barabara. Huko huteremshwa kwa žinčica, kinywaji cha maziwa ya kondoo kilicho kichachu kama mtindi mwepesi. Tumbo lisilozoea lianze na kikombe kidogo.

Wasiokula nguruwe wawe macho. Kusema "bez slaniny", yaani bila nyama hiyo ya nguruwe, huondoa vile vipande vya juu vya halušky, lakini mafuta ya kupikia yaulizwe pia. Kapustnica, supu ya kabichi iliyochachushwa, mara nyingi huwa na soseji. Hata pirohy, vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, huweza kuletwa vimemwagiwa mafuta hayohayo ya nguruwe. Afadhali vyprážaný syr, kipande cha jibini kilichoviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Nacho kiulizwe kimekaangwa kwa mafuta gani.

Msimu wa vuli, kijiji cha Slovenský Grob, karibu na Bratislava, hujaa walaji wa bata bukini wa kuoka na lokše, chapati nyembamba za viazi zilizopakwa mafuta ya bata huyo. Bukini mzima huagizwa kabla, kwa hiyo mgeni apige simu mapema, aende na wenzake, na awe na yuro taslimu mfukoni.