Kovu la mdomo wazi hurekebishika ukubwani

SWALI: Msomaji wa Tunduma alishonwa mdomo wazi utotoni. Kovu linauvuta mdomo juu na pua imelala upande mmoja. Je, amechelewa?

JIBU: Hajachelewa. Pua hasa husubiri uso umalize kukua, kwa kawaida miaka 16 hadi 18. Daktari hulikata kovu la zamani, huipanga upya misuli ya mdomo, kisha hushona. Pua huinuliwa kwa gegedu, pengine la sikioni au ubavuni. Kovu jipya huanza gumu, likalainika kwa mwaka hivi. Halifutiki kabisa.

Aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe, Vwawa, aombe rufaa kwenda Mbeya, kilomita 100 hivi kutoka Tunduma. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT hushona midomo wazi. Aulize mapema kama marekebisho ya watu wazima yanalipiwa.