Kusafisha Panga na Jembe

Wengi wetu twaishi kwa shamba, nao walimu wetu wa vijijini, wakiisha kufundisha, hushika jembe kama watu wote. Leo twapenda kusema juu ya vyombo vya kulimia, kwa maana mara nyingi twaviona vimetupwa pembeni mwa nyumba na matope yake, na hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Hasara ya kwanza ni yetu wenyewe. Udongo ulioganda chumani hushika maji, na chuma kikipata maji pamoja na hewa huota kutu. Kutu hula makali, na jembe butu humchosha mkulima kabla jua halijawa kali. Basi kila jioni tukwangue matope kwa kijiti, tuoshe, tukaushe kwa kitambaa, kisha tupake mafuta kidogo ya nyonyo au ya nazi. Tukinoa kwa tupa, tusukume mbele tu, wala tusiikokote kurudi nyuma, maana meno yake hufa upesi. Mpini nao tuupake mafuta usipasuke, tena vyombo vyote vitundikwe mahali pakavu.

Hasara ya pili ni ya jirani. Uko ugonjwa wa migomba uitwao mnyauko, uletwao na bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ulionekana Uganda mwaka 2001, kisha ukaingia Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ndani yake huwa na rangi ya kahawia. Mgomba ukiisha kuugua hauna dawa. Wadudu warukao hueneza ugonjwa huo, lakini nasi twaueneza kwa panga. Tukikata mgomba mgonjwa, utomvu wake hubaki penye makali. Tukikata mzima kwa panga lile lile, tumeupa mauti.

Kuosha kwa maji peke yake hakutoshi. Panga likiisha kuoshwa, lipitishwe motoni mpaka lisishikike kwa mkono, ndipo likate mgomba mwingine. Lakini lisiachwe hata liwe jekundu, maana chuma hulegea, na makali hayakai tena.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther, akieleza amri ya saba, hakukomea katika kukataza wizi. Alifundisha kwamba imetupasa pia kumsaidia jirani atunze mali yake na kuiongeza. Mgomba ni chakula cha watoto wake. Tukiingia shambani mwake na panga chafu, twaweza kumwondolea chakula hicho, ijapokuwa hatukuchukua hata mkungu mmoja.

Basi, ndugu, jioni hii kabla ya sala tuvitazame vyombo vyetu. Na aliyeazima panga la mwenziwe, alirudishe safi.