OM-1 ya zamani: irekebishwe, ibadilishwe, au utafute nyingine?

Olympus OM-1 ilitoka Japani mwaka 1972. Mwanzoni iliitwa M-1, mpaka kampuni ya Leitz ya Ujerumani ilipolalamika kwamba jina hilo linagongana na la kamera zake. Aliyeisanifu ni Yoshihisa Maitani. Alikusudia kutengeneza kamera ya kioo, yaani ile inayokuonyesha picha kupitia lenzi ileile inayoipiga, iwe ndogo na nyepesi kuliko zote zilizokuwepo, naye akafaulu. Leo vijana wanaozirudia kamera za filamu wanaikuta kwenye makabati ya wazazi na kwenye mitumba, na maswali wanayowapelekea mafundi yanafanana sana.

Majibu yaliyo hapa chini yanasimama juu ya kanuni moja: fanya badiliko ambalo fundi atakayekuja baada yako anaweza kulitengua. Ukikata, ukatoboa au ukakereza chuma cha kamera ambayo haitengenezwi tena, umefunga mlango.

Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia OM-1 yenye lenzi ya milimita 50. Imelala kabatini tangu nikiwa mdogo. Nianzie wapi kabla sijatoa pesa?

Marahaba. Anza bila betri na bila filamu. OM-1 inaendeshwa na springi na gia. Shata yake hufanya kazi kwa kasi zote, kuanzia sekunde 1 mpaka 1/1000, bila umeme wowote. Betri ni ya kipima mwanga tu.

Fungua mgongo wa kamera, ielekeze kwenye ukuta mweupe wenye mwanga wa kutosha, chungulia kwa nyuma, kisha bonyeza. Kwenye 1/1000 mwako wa mwanga ujaze dirisha lote la filamu. Ukiona upande mmoja umebaki na giza, mapazia ya shata hayakimbii sawa: moja linalifikia jenzake kabla ya safari kwisha. Rudia mara kadhaa, maana kamera iliyolala muda mrefu hukosea mara za kwanza kisha ikachangamka.

Kwa kasi za polepole tumia simu yenye uwezo wa kurekodi video ya picha 240 kwa sekunde. Shata ikiwa kwenye 1/30, mwanga uonekane katika picha 8 hivi za video. Kwenye 1/15, picha 16. Zikizidi sana, mafuta ya ndani yameganda. Hapo usinyunyizie mafuta ya cherehani wala dawa ya kulegeza kutu. Mafuta hayo yatasambaa hadi kwenye kitambaa cha mapazia, na tatizo la kusafisha litageuka kuwa tatizo la kununua vipuri.

Kitabu chake kinasema inatumia betri ya PX625. Nimezunguka maduka yote sijaipata.

Hutaipata. PX625 ilikuwa na zebaki, na zebaki ni sumu. Marekani ilipitisha sheria dhidi ya betri hizo mwaka 1996, na Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani ilidhuru maelfu ya watu, ulianza kutumika mwaka 2017. Ni uamuzi wa haki. Ila umetuachia kamera ambazo kipima mwanga chake kilipangwa kwa volti 1.35 kamili, na betri ya zebaki ilikuwa inashikilia volti hizo karibu hadi siku yake ya mwisho.

Dukani watakupa betri ya alkali ya umbo lilelile. Itaingia vizuri na mshale utacheza, lakini hiyo ina volti 1.5. Umeme ukizidi, mshale hupanda kupita kiasi. Kamera hudhani mwanga ni mwingi, nawe unaubana. Matokeo yake ni negativi nyembamba na vivuli visivyo na chochote ndani. Baya zaidi, volti za alkali hushuka kadiri inavyotumika, kwa hiyo kosa la leo silo la mwezi ujao, na huwezi hata kulizoea ukalifidia.

Njia za kweli ni tatu. Ya kwanza ni betri namba 675 ya vifaa vya kusaidia kusikia, inayotumia hewa na kutoa volti 1.4 hivi. Ni nyembamba kuliko PX625, kwa hiyo itahitaji pete ya kuishikilia katikati. Ukishabandua karatasi yake hudumu miezi miwili au mitatu, uitumie usiitumie. Ya pili ni adapta ya chuma yenye umbo la PX625 na saketi ndogo ndani yake. Unaweka ndani betri ya SR43, nayo adapta inapunguza volti. Ya tatu ni dayodi.

Hiyo dayodi inawekwa wapi? Na je, si ndiyo kuichezea kamera?

Ni dayodi ndogo ya aina ya Schottky; mafundi wengi hutumia BAT83. Umeme ukipita ndani yake hupungua kwa volti 0.2 hivi, kwa hiyo betri ya SR44 yenye volti 1.55 huwa inatoa karibu 1.35. Huchomelewa kwa risasi kwenye waya unaotoka kwenye chumba cha betri, chini ya kifuniko cha kitako cha kamera. Hakuna kinachotobolewa wala kukatwa kisichoungika. Fundi akitaka kuirudisha kamera ilivyokuwa, anaitoa dayodi na kuunga waya. Badiliko la namna hii nalikubali kwa moyo mweupe.

Zingatia mambo mawili. SR44 ni ya fedha na LR44 ni ya alkali. Zinafanana sura, na dukani mara nyingi utapewa ya alkali. Soma maandishi kabla hujalipa, kwa sababu ni SR44 ndiyo inayoshikilia volti zake mpaka mwisho. La pili, bandika karatasi ndogo ndani ya kitako: "Ina dayodi, tumia SR44." Asiyejua akija kuweka betri ya volti 1.35, dayodi itaipunguza tena, na picha zake zote zitapata mwanga kupita kiasi.

Pentax Spotmatic haihitaji haya yote. Saketi yake ilisanifiwa isijali sana tofauti ndogo za volti, kwa hiyo betri ya fedha ikikaa vizuri chumbani inatosha.

Nikifungua mgongo vidole vinanata kitu cheusi kama lami. Ni nini?

Ni sponji iliyooza. Kuna sponji kwenye mifereji ya mgongo kuzuia mwanga usipenye, na nyingine pale kioo kinapogonga kikipanda. Kwa miaka mingi hugeuka kuwa gundi. Ukiiacha, filamu itatoka na michirizi ya mwanga, na vipande vyake vitaanguka juu ya shata.

Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe. Kwangua taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, kisha futa kwa pamba yenye spiriti. Geuza kamera ili uchafu udondoke nje, usiingie kwenye mapazia. Kwenye mifereji membamba uzi mweusi wa sufi unafaa kabisa. Kwenye bawaba na kwenye kioo weka sponji mpya nyeusi yenye unene wa milimita 1.5 hadi 2. Usiguse kioo chenyewe: fedha yake imepakwa juu, si nyuma kama kioo cha ukutani, na kitambaa kitaichubua. Spiriti pia isifike kwenye bamba la kuonea lililo juu yake, maana ni la plastiki.

Kwenye kidirisha naona mstari mweusi uliopita katikati, lakini picha zinatoka safi.

Hilo ni la OM-1 hasa. Sponji nyingine imewekwa karibu na prisimu, kile kipande cha kioo kilicho juu ya kamera. Ikioza, hula fedha iliyopakwa kwenye prisimu, na unachokiona ni alama ya mlo huo. Mwanga unaoifikia filamu haupiti kwenye prisimu, ndiyo maana picha zako ni safi. Ukiweza kuvumilia, endelea kupiga. Usipoweza, fundi atachukua prisimu nzima kutoka bodi iliyokufa. Kwa vyovyote, kamera ikifunguliwa kwa sababu yoyote ile, mwombe aiondoe sponji hiyo kabla haijamaliza kazi yake.

Fundi, mimi niko Tanga. Lenzi yangu ina kitu kama utando wa buibui ndani.

Ni kuvu. Pwani yetu ina unyevu na joto, na kifuko cha ngozi ambacho wazee walikiona ni ulinzi huweka unyevu huo ndani. Kuvu changa husafishika lenzi ikifunguliwa. Iliyokaa miaka hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na alama yake haitoki. Baada ya kusafisha, hifadhi lenzi kwenye kopo la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na pakiti za kukausha unyevu, na uzibadilishe zikishiba. Itenge na lenzi zako nyingine hadi isafishwe.

Naweza kutoa filamu kabisa na kuifanya iwe ya dijitali?

Wengi wamelitamani hilo. Mwaka 1991 Kodak ilitoa kamera ya dijitali iliyojengwa juu ya bodi ya Nikon F3. Ilikuwa na megapikseli 1.3, na sanduku lake la kuhifadhia picha lilivaliwa begani. Mwaka 1998 ilitangazwa sensa yenye umbo la mkebe wa filamu, ya kutumbukiza kwenye kamera ya filamu. Kampuni iliyoibuni, Silicon Film, ilifungwa mwaka 2001 bila kuifikisha sokoni. Leica ilifaulu kwa R8 na R9 kwa kutengeneza mgongo maalumu wa megapikseli 10.

Ugumu uko kwenye nafasi. Sensa lazima ikae palepale inapolala filamu, na ina kioo chake cha mbele, saketi na betri, vyote vinavyotaka chumba ambacho kamera ya 1972 haina. Tena lazima ijue shata inafunguka lini.

Kilicho rahisi ni kuhamisha lenzi. Kutoka mdomo wa kamera ya OM hadi kwenye filamu ni milimita 46. Kwenye kamera za Sony zisizo na kioo ni milimita 18. Adapta ya milimita 28 isiyo na kioo chochote ndani inaziba pengo hilo. Utazungusha fokasi na apecha kwa mkono, lakini lenzi ya baba itapiga picha za dijitali na kamera yake itabaki nzima.

Nina Nikon FM2 na lenzi ya Nikon ya miaka ya 1960. Nimeambiwa pete ya apecha ikerezwe ili ikubali.

Mwanzo, usiilazimishe kuingia. Mwaka 1977 Nikon ilibadilisha namna lenzi inavyoiarifu kamera juu ya apecha, na kijino cha FM2 kinaweza kuvunjika. Kukereza kunafanya kazi, ila hakuna kurudi. Tafuta kwanza pete ya kubadilisha ambayo Nikon yenyewe iliwahi kuitoa, na ile ya zamani uitunze. La sivyo, tafuta bodi ya FM ya 1977: kijino chake kinakunjwa, na lenzi yako itaingia kama ilivyo.

Lini niseme basi, nitafute bodi nyingine?

Mapazia yakichanika, gia zikivunjika, au kamera ikiwa imeingia maji ya bahari. Chumvi haimalizi kula. Chumba cha betri chenye kutu ya kijani si sababu; hicho kinasafishwa.

Ukiwa na lenzi za OM, tafuta OM-1 nyingine, au OM-2 ya mwaka 1975. Hiyo inatumia betri mbili za SR44, kwa hiyo suala la zebaki halipo, na inaweza kujichagulia kasi. Ila betri zikiisha, kioo hukwama juu. Usiye na lenzi yoyote, Pentax K1000, iliyouzwa kuanzia 1976 hadi 1997, ni ya chuma na haidai mengi. Canon AE-1 ni nzuri, lakini bila betri yake ya volti 6 haipigi kabisa. Olympus iliacha kutengeneza OM mwaka 2002, na Nikon F6 ikasimamishwa 2020. Kwa hiyo "nyingine" maana yake ni mtumba, nayo ipimwe vilevile. Bodi iliyokufa usiitupe. Prisimu, vifuniko na skrubu zake zitaiponya nyingine.

Na kama kipima mwanga kimekufa moja kwa moja?

Kamera bado ni kamera. Kwenye jua kali weka apecha f/16, na kasi iliyo karibu na namba ya filamu: filamu ya ASA 200 kwa 1/250. Mawingu yaliyotanda, f/8. Mawingu mazito, f/5.6. Kivulini chini ya mti, f/4. Filamu za negativi za rangi huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Ukisita, fungua zaidi.

Nina pesa ya jambo moja tu. Nifanye lipi?

Shata. Sponji utaibadilisha mwenyewe, mwanga utaukadiria kwa macho, lakini mapazia yasiyokimbia sawa hakuna ujanja wa kuyafidia. Mpe fundi mwenye bisibisi za kipimo cha Kijapani, zisizokwangua vichwa vya skrubu, aisafishe na kuitia mafuta mapya. Kisha piga filamu moja ya majaribio ukitumia kasi zote, ukiandika kila picha umeipigaje. Negativi zikitoka sawa mwanzo hadi mwisho, usibadilishe kitu kingine. Weka filamu ya pili uanze kazi.